Mkaja wa Wande

Sogeeni karibu, mliokuja kwa miguu na mliobebwa mgongoni. Anayesinzia asinzie. Hadithi hii haina haraka, itampitia usingizini na kumsubiri upande wa pili. Nitawasimulia habari ya kitambaa kimoja na watu watatu, kisha nitanyamaza, na nyinyi ndio mtakaosema kitambaa ni cha nani. Mimi nimejaribu kuamua kwa miaka mingi, sijaweza.

Palikuwa na kijiji kiitwacho Kisangiji, chini ya mteremko mrefu. Barabara ilitoka juu kwenye tambarare ya mnada, ikashuka, ikapinda mara moja kando ya mwamba mkubwa, kisha ikanyooka mpaka kijijini. Asubuhi ukungu ulilala juu ya mteremko kama maziwa kwenye kibuyu. Magari yalisikika kabla ya kuonekana, na mengine yalisikika tu, yakapita kama yanayokwenda nchi ambayo sisi hatuijui. Alasiri ukungu haukuwapo. Alasiri lilikuwapo jua, limesimama mbele ya macho ya kila anayeshuka, na barabara yote iling'aa kama maji.

Katika kijiji hicho Mwenyezi Mungu alikuwa amewagawia watu watatu vipawa vitatu.

Kalunde alipewa kukumbuka. Alikuwa mwanamke wa makamo, akiuza mahindi ya kuchemsha kando ya barabara, na kila jambo lililotokea mbele ya sufuria yake lilikaa kichwani mwake kama lilivyotokea: siku, saa, rangi ya gari, jina la mtu na jina la mama yake.

Zamoyoni alipewa mikono ya kukipa kitambaa uhai. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno mengi na utani. Akitundika kanzu ukutani, anayeingia huitolea salamu.

Kaombwe alipewa utulivu. Alikuwa seremala. Nyumba ikishika moto na watu wote wakipiga kelele, yeye hutembea, hakimbii, na bado hufika kabla yao.

Vipawa hivi vilikaa miaka mingi bila kazi kubwa. Kalunde alikumbuka nani hajarudisha ungo. Zamoyoni alishona sare za shule. Kaombwe alitengeneza vitanda. Kazi kubwa iliwafikia kupitia barabara.

Zamani barabara ilikuwa ya vumbi. Magari yalipanda yakinguruma, yakashuka kwa woga, na watu walikufa pale, lakini wachache. Kalunde alikuwa na kamba za katani, kila mwaka kamba yake. Mtu akiumia mteremkoni, alifunga fundo dogo. Mtu akifa, alifunga fundo kubwa. Kamba za miaka ya vumbi zilikuwa na mafundo makubwa mawili, au matatu.

Ikaja lami. Tulipiga vigelegele siku ile, na wazee walivua viatu waikanyage kwa miguu mitupu, maana ilikuwa laini na yenye joto. Mwaka wa kwanza wa lami, kamba ilikuwa na mafundo makubwa matano. Mwaka wa pili, tisa. Mwaka wa tatu, kumi na manne, na madogo yalikuwa mengi hata kamba ikawa fupi kama mkia wa mbuzi.

Watu walisema kuna jini kwenye mwamba, na jini amependa lami. Wakamwaga maziwa. Wakachinja mbuzi mweusi. Jini alikunywa maziwa, akala mbuzi, akaendelea.

Siku moja Kalunde alizitandaza kamba zake zote uani na kuzitazama tangu asubuhi mpaka mahindi yakaungua. Kisha akawaita watu.

"Huyu jini wenu," akasema, "mbona anafanya kazi siku ya mnada tu? Tena saa kumi alasiri? Ameajiriwa?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Tazameni. Haya mafundo yote ni Jumatano. Haya yote ni saa kumi, jua likiwa machoni mwa anayeshuka. Na tazameni tena. Kwanza walikuwa wanakufa waliopanda mabasi. Baadaye wakafa wanaotembea kando. Mwaka huu wanakufa vijana wa pikipiki na wanaobebwa nyuma yao. Siyo jini. Ni saa, ni jua, ni mwendo. Na ni sisi."

"Sasa tufanye nini, mama?" akauliza mtu mmoja. "Tulizuie jua?"

"Mimi nimepewa kukumbuka tu," akasema Kalunde. "Nimewaambia lini na wapi. Wengine waseme namna gani."

Hiyo ndiyo kazi ya Kalunde. Ishikeni.

Zamoyoni alikuwa amesimama nyuma, tepu ya kupimia shingoni. Hakusema kitu, na watu walishangaa, maana haikuwa kawaida yake. Alikwenda dukani kwake akajifungia siku mbili. Siku ya tatu, palipokucha na ukungu kuinuka, mtu mmoja mpya alikuwa amesimama juu ya mwamba kando ya barabara: suruali nyeupe, shati jeupe, kofia nyeupe, kifua mbele. Alikuwa trafiki. Ndani yake hakukuwa na mtu, mlikuwa na nyasi na fito. Mkono wake mmoja Zamoyoni alikuwa ameuning'iniza kwa uzi, na upepo ulipovuma uliinuka polepole, ukakaa hewani kidogo, ukashuka. Ukimtazama kwa mbali kwenye mwanga wa alasiri ungedhani anakuaga.

Mnajua madereva wa nchi yetu walivyo. Hawapendani barabarani, lakini mmoja akimwona trafiki humwashia taa mwenzake anayekuja mbele, na yule humwashia mwingine, hata habari ya trafiki hufika kwa anayeanza kushuka kabla hajauona mwamba. Zamoyoni alilijua hilo. Magari yaliyopanda yaliyawashia taa yaliyoshuka, na yaliyoshuka yakashuka kama yamebeba mayai.

Siku moja dereva wa lori alisimama, akashuka na karatasi zake mkononi.

"Shikamoo afande."

Afande kimya.

"Afande, gari ni zima. Taa moja tu haiwaki, na ndiyo naipeleka kwa fundi sasa hivi."

Mkono wa afande ukainuka, ukashuka.

"Basi niambie hata kosa langu, afande! Mbona unaninyamazia kama mkwe?"

Wanawake waliokuwa wakilima mteremkoni wakaanguka chini kwa kicheko. Yule dereva akaona haya, lakini taa aliitengeneza. Trafiki wa kweli naye alifika siku moja kwa pikipiki yake, akamtazama mwenzake wa nyasi kwa muda, akamnyoosha kofia, akaenda zake. Tangu siku hiyo Jumatano nyingine alisimama yeye, Jumatano nyingine alisimama yule, na Zamoyoni alikuwa akimhamisha wa nyasi, leo juu ya mwamba, kesho chini ya mti wa mkwaju. Dereva hakujua leo ni yupi.

Hiyo ndiyo kazi ya Zamoyoni. Nayo ishikeni.

Kaombwe alikuwa na huzuni yake. Mdogo wake aligongwa pale mteremkoni enzi za vumbi, na alikuwa akizungumza. Alimwambia Kaombwe, "Kaka, nina kiu." Watu wema walimkimbilia. Mmoja alimshika mikono, mwingine miguu, wakamnyanyua kama gunia, wakampa maji, wakamtupia kwenye lori. Alipofika hospitali alikuwa hazungumzi tena. Muuguzi mmoja mzee alimwita Kaombwe pembeni akamwambia polepole, "Mwanangu, gari halikumuua. Mlimuua nyinyi, kwa upendo."

Neno hilo lilikaa ndani ya Kaombwe miaka kumi na miwili. Kalunde alipotaja lini na wapi, yeye alikwenda kwa yule muuguzi, akakaa miguuni pake siku saba, akajifunza. Aliporudi alipiga randa ubao mwepesi wa urefu wa mtu, akautoboa matundu pembeni, akaufungia mikanda ya mpira wa baiskeli. Akajenga kibanda chini kidogo ya mwamba, akauweka ubao humo, na kila Jumatano saa tisa alikaa hapo na watu saba.

Aliwafundisha: usimvute, usimkalishe, usimpe maji. Shingo kwanza. Watu wanane, pumzi moja.

Hapo kwenye pumzi moja pakawa na shida. Waislamu walinyanyua kwenye "Bismillahi", Wakristo wakasema "Kwa jina la Baba, na la Mwana", na walipofika kwa Roho Mtakatifu upande mmoja wa ubao ulikuwa juu, na mwingine bado chini. Aliyelala kwa mazoezi alikuwa Zamoyoni, akabiringika.

"Jamani!" akapiga kelele kutoka chini. "Mtaniua kwa sababu ya dini! Tafuteni neno fupi!"

Wakakubaliana waseme neno moja: "Mungu!" Wote wakanyanyua, na ubao ukainuka sawasawa, kama unaoelea.

Hiyo ndiyo kazi ya Kaombwe.

Mwaka ule mafundo makubwa yakawa matatu. Kutoka kumi na manne, matatu. Kijiji kilifurahi. Nami nasema ni matatu, sisemi ni matatu tu, maana kila fundo kubwa lina nyumba iliyofunga mlango mapema jioni ile, na sahani moja ambayo haikujua iwekwe wapi.

Sasa nawaletea Nyamizi.

Nyamizi alikuwa mjane, na mtoto wake mmoja aliyebaki alikuwa msichana, Wande, wa miaka kumi na tisa. Kaka yake Wande alikuwa fundo kubwa la mwaka wa pili wa lami. Nyamizi hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Aliswali, alilima, aliokota kuni.

Kuhusu kuni, lazima niwaeleze. Gari likiharibika kwenye barabara zetu, dereva hukata matawi ya miti na kuyalaza barabarani nyuma na mbele ya gari, ili wanaokuja wajue kuna kitu kimesimama. Gari likitengenezwa, dereva huondoka na matawi huyaacha hapohapo. Wanawake wa Kisangiji walikuwa na desturi yao: matawi yaliyoachwa ni kuni, na ni ya atakayeyawahi. Na walijua namna ya kuyatambua. Majani yakiwa mabichi, gari bado lipo. Majani yakinyauka, gari limekwenda.

Jumatano moja lori la vitunguu lilikuwa limekwama chini ya kona, nyuma ya mwamba, tangu Jumatatu. Dereva alikuwa amelaza matawi juu ya kona, yakakaa juani siku tatu. Nyamizi alitokea msituni kwa njia ya juu. Akayaona matawi. Akayagusa. Yalikuwa yamenyauka mpaka yanalia mkononi. Lori hakuliona, maana mwamba ulilificha. Akayafunga kwa kamba, akajitwisha, akarudi kwa njia ile ile ya msituni, akiimba kaswida kwa sauti ndogo.

Waliokaa kibandani kwa Kaombwe waliliona lori, lakini matawi ya juu hawakuweza kuyaona. Kila mtu alidhani yapo.

Saa kumi alasiri Wande alikuwa akirudi kutoka mnadani, amepakiwa kwenye pikipiki, kapu la viazi mapajani. Jua lilikuwa mbele yao, kubwa, na barabara yote ilikuwa nuru. Baadaye Wande alisema hakuona lori. Aliona weupe, na ndani ya weupe mtu mwenye nguo nyeupe akimwinulia mkono, kisha akasikia harufu ya vitunguu.

Pikipiki iligonga lori kwa nyuma. Kijana wa pikipiki alivunjika mguu. Wande alirushwa, akaanguka kwa kichwa, akanyamaza.

Kwa sababu ilikuwa Jumatano saa kumi, ubao ulikuwa pale, na watu wanane walikuwa pale, na gari la kukodi lilikuwa limeambiwa lisiondoke pale, kwa neno la Kalunde. Kwa sababu kijana wa pikipiki alikuwa amewashiwa taa na magari mawili yaliyopishana naye, alikuwa amepunguza mwendo kwa kumwogopa trafiki, na trafiki alikuwa wa Zamoyoni. Kwa sababu Kaombwe alipiga magoti, akashika shingo ya Wande kwa mikono miwili, akawaambia watu waliokuwa wakipiga mayowe, "Ngojeni. Ngojeni kwanza," hakuna aliyemvuta. Wakasema "Mungu!" na msichana akainuka kutoka kwenye lami bila kutikisika.

Hospitalini daktari alimpima Wande. Kisha akamwambia Nyamizi maneno haya:

"Mama, kama pikipiki ingekuja kwa kasi zaidi kidogo, ungeletewa maiti. Kama wangembeba vibaya, angefia njiani. Kama wangechelewa nusu saa, angefia hapa kitandani. Sijui umshukuru nani. Nakwambia tu kwamba bado hajaamka."

Wande alilala siku sita. Nyamizi alikaa barazani nje ya dirisha lake, na siku ya kwanza watu walipomsimulia habari ya lori la vitunguu na jinsi barabara ilivyokuwa haina matawi, aliuliza swali moja tu: "Lori lilikuwa bado lipo?" Wakamwambia lipo. Akafumba macho, akakaa vile usiku na mchana, akiliita jina la Wande kwa sauti ndogo, hata watu walidhani anaota.

Siku ya sita alisimama, akaelekea kibla, akasema kwa sauti ambayo wagonjwa wa karibu waliisikia: "Ya Rabbi, nimembeba tumboni miezi tisa, na nimemtupa barabarani kwa mikono yangu. Ukinirudishia, siku ya ndoa yake mkaja sitaupokea mimi. Nitampa yule aliyembeba mara ya pili."

Adhuhuri ya siku hiyo Wande aliomba uji.

Kwa wasiojua: mama akijifungua, hufungwa tumbo kwa kitambaa kirefu, ndio mkaja. Na siku binti anapoolewa, upande wa bwana harusi humletea mama yake mkaja mpya. Mahali pengine siku hizi ni fedha. Kisangiji bado ni kitambaa, na mama hufungwa kiunoni mbele za watu, ndipo binti hutoka chumbani. Maana yake ni kusema: tunajua alitokea wapi. Mkaja usipofungwa, binti hatoki.

Ikapita miaka miwili. Wande alipona, akabaki na kuchechemea kidogo, na kijana mmoja wa kule juu tambarare akapenda hata kule kuchechemea kwake. Siku ya ndoa ikafika. Khutba ikasomwa, wageni wakala pilau, na shangazi wa bwana harusi akasimama mlangoni na kitambaa cheupe, kipya, kimekunjwa mara nne.

"Mama mkwe, karibu tukufunge."

Nyamizi hakusogea.

"Si wangu," akasema. "Nimeweka nadhiri. Ni wa aliyembeba mwanangu mara ya pili."

Wakaitwa watatu. Kalunde alikuja na vumbi la unga mikononi, Zamoyoni na sindano kwenye kola, Kaombwe mikono mitupu.

"Haya basi, yupi?" akauliza shangazi. "Tuna safari ya kupanda mteremko."

"Na mpande kabla ya saa tisa," akasema Kalunde. "Leo Jumatano. Saa kumi sitaki gari la harusi barabarani."

"Wewe nawe hata kwenye harusi na kamba zako!"

"Kamba zangu ndizo zilizomleta bibi harusi hapa. Bila mimi, ubao ungekuwa nyumbani kwa Kaombwe umeanikiwa dagaa. Kumbeba mtu kunaanza siku unapojua ataangukia wapi."

Zamoyoni akacheka. "Dada, kujua si kubeba. Wewe ulijua, lakini aliyemshika dereva mguu ni mtu wangu wa nyasi. Amesimama juani miaka yote hii hajala, hajanywa, hajaomba ruhusa. Kama si yeye, Kaombwe angebeba nini? Nipeni mimi mkaja, na msicheke, nitafungwa na nitatembea nao sokoni."

Watu wakacheka. Kaombwe akangoja wamalize.

"Mimi nilimshika," akasema. "Sina maneno. Uzito wake bado uko hapa." Akaonyesha mikono yake. "Nadhiri ilisema aliyembeba."

Shangazi akasema kitambaa kikatwe vipande vitatu. Mabibi wa Kisangiji wakapiga kelele kwa pamoja kwamba mkaja haukatwi, ukikatwa ni matambara. Shehe akaulizwa. Alikuwa mtu mwangalifu.

"Ninachojua ni kwamba lazima utoe," akamwambia Nyamizi. "Umpe nani, hilo siwezi kukusemea. Ulipokuwa unamwambia Mola wako, moyoni ulimwona nani?"

"Sikumwona mtu, shehe," akasema Nyamizi. "Niliona matawi."

Hapo ndipo alipolitoa neno lililokuwa moyoni. Mbele ya wageni, mbele ya wakwe, akasema kuwa matawi ya siku ile yalichukuliwa na yeye. Alisema yalikuwa yamenyauka. Alisema aliyapikia maharage, na maharage yalikuwa bado motoni alipoitwa. Alisema hajafunga kanga kiunoni tangu siku ile bila kukumbuka kamba aliyofungia zile kuni.

Wakwe walitazamana. Mtu mmoja alisema, "Lo." Kijana wa pikipiki alikuwapo, amekaa na mguu wake ulionyooka, akatazama chini.

"Mimi nilijua," akasema Kalunde.

Nyamizi akageuka. "Ulijua?"

"Majani makavu yalidondoka njia nzima, kutoka kwenye kona mpaka uani kwako. Nilipita nikayaokota."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema ili iweje? Mwanao alikuwa anapumua. Nilikuwa na fundo dogo mkononi. Sikutaka kulifanya kubwa."

Nyamizi akakaa chini pale pale mlangoni. Ndipo mlango wa chumbani ukafunguliwa kidogo, ukaonekana mkono wenye hina, na sauti ya Wande ikatoka, si ya juu, lakini kila mtu aliisikia.

"Waambieni hivi. Mjomba Kaombwe simkumbuki, nilikuwa nimelala. Ubao siukumbuki. Mtu mweupe namkumbuka kama ndoto. Lakini siku zile sita nilikuwa mahali penye ukungu, na nilikuwa nikisikia mtu mmoja akiniita, usiku na mchana, mtu mmoja. Ni mama. Mama ndiye aliyenichukulia matawi na mama ndiye aliyenirudisha. Asipofungwa mama, mimi sitoki."

"Mwanangu, nimemwahidi Mungu!" akasema Nyamizi.

"Ulimwahidi kumpa aliyenibeba mara ya pili. Hukumwahidi kwamba si wewe."

"Nilisema sitaupokea mimi. Nilisema hivyo, Wande. Kwa mdomo wangu."

Mkono ukarudi ndani. Mlango ukafungwa.

Nyamizi aliinuka, akakipokea kitambaa kutoka kwa shangazi, akakikunjua. Kilikuwa kirefu, kilifika chini, kikagusa vumbi, na upepo uliotoka mteremkoni ukakiinua ncha. Mbele yake walisimama watatu. Nyuma yake ulikuwa mlango. Gari la bwana harusi lilikuwa limewashwa, dereva amekaa akitazama juu kwenye mwamba. Ilikuwa saa nane na nusu, na mtu yeyote angeweza kuona jinsi jua lilivyoanza kuteremka.

Nami nanyamaza hapo, maana siwezi kupita. Nilipoambiwa habari hii mara ya kwanza nilikuwa nimetoka kumzika mtu wangu aliyegongwa barabarani, na nilisema kwa haraka, kwa hasira, jina la mmoja wa wale watatu. Kesho yake nilisema jina la mwingine. Wangu mimi hakuwa na mtu wa kumjulia saa, wala wa kumpunguzia mwendo, wala wa kumshika shingo. Mungu amrehemu. Kwa hiyo mimi kila mmoja wao namwona mkubwa, na hata yule aliyeita siku sita namwona mkubwa, maana mimi niliita pia.

Kitambaa ni kimoja na hakikatwi. Nadhiri imetamkwa na imesikiwa. Binti yuko nyuma ya mlango, na saa tisa inakaribia. Kuna aliyejua, kuna aliyepunguza, kuna aliyeshika, na kuna mama.

Haya, semeni nyinyi mliokaa hapa, mkubwa kwa mdogo. Kama kitambaa kile kingewekwa mikononi mwenu sasa hivi, mngekifunga kiunoni mwa nani?